Buu Niliyekwenda Naye Ukweni

Jamani, habari hii nimeificha vya kutosha, na kwa kuwa Mbulu wanaijua na Katesh imeshafika (juzi hapo stendi dereva wa boda kaniuliza, meno yote nje, kama napanda peke yangu au na abiria wangu), bora niisimulie kwa mdomo wangu mwenyewe kuliko muendelee kuisikia kwa watu wanaoongeza chumvi, kwa sababu aibu niliyoipata inatosha kabisa, haihitaji kukolezwa. Ni hivi: suruali yangu ilishuka mpaka magotini nyumbani kwa wakwe, siku ya posa, baraka za wazee zikiwa katikati, na mimi nafukuza kuku. Sikuwa nimelewa. Ningekuwa nimelewa ningekuwa na la kujitetea.

Naitwa Boay, ni afisa mifugo wa kata huko Balangdalalu, kazi yangu ni kuchanja ndama na kubishana na wafugaji kuhusu josho. Mwaka huo tulipata mtafiti wa wadudu, mama mmoja mfupi anayetembea haraka haraka kama ameacha maziwa jikoni, sisi tulimwita Dokta tu. Dokta alikuwa ameokota nzi mmoja kwenye utando wa buibui ndani ya zizi la ndama, amekufa, bawa moja limechanika, na kwa ajili ya nzi huyo hakutulia wala hakutuacha tutulie, kwa sababu alisema hajaandikwa popote duniani. Alinikalisha mezani, akanipa kioo cha kukuzia, akaanza kunitajia maumbile yake kama mtu anayemsifia mtoto wake wa kwanza: mkubwa kuliko nzi wa nyumbani, kifua cha majivu chenye mistari myeusi inayokatika kabla ya kufika nyuma, tumbo la buluu linalong'aa kama sufuria mpya, miguu rangi ya asali, macho mekundu yaliyoachana, na mdomo hana, ana kijishimo tu, maana akishakuwa mkubwa hali kitu, anataga, anakufa.

"Kula kote anamaliza utotoni, Boay," aliniambia, "ndani ya nyama ya mnyama."

Sasa shida ilikuwa huo utoto. Mabuu kwenye ngozi za ndama tulikuwa tunayaona, lakini wafugaji wetu wakiona jipu lina tundu wanakamua kwanza, maswali baadaye, kwa hiyo kila buu aliyeletwa aliletwa amepasuka, na Dokta alitaka mmoja aliyekomaa, atoke mwenyewe akiwa mzima, ili aweze kusema bila wasiwasi kwamba huyu ni mtoto wa yule nzi na si wa nzi mwingine. Na hapo ndipo mimi nikaanza kuwashwa kalio la kulia. Nikadhani jipu. Nikapiga picha kwa simu, kwa tabu, nimejipinda kama mbwa anayetafuta mkia wake, nikaikuza ile picha, nikaona uvimbe mwekundu wenye tundu katikati, na ndani ya tundu kitu cheupe kimechungulia.

Mtu mwenye akili zake angekwenda zahanati. Tena mchumba wangu Fausta ni muuguzi, Mbulu mjini, ningempigia tu akanielekeza cha kufanya. Mimi nikamtumia Dokta. (Ndiyo, ile picha. Msinitazame hivyo, niliikata pembeni ikabaki sehemu inayohusika.) Dokta alinipigia hapo hapo, anapiga kelele mpaka simu inakwaruza: "Usimkamue! Boay, nakuomba, usimkamue, mlee!" Na mimi, sijui nilipatwa na nini, labda ni kule kuombwa na mtu msomi kwa sauti ya kulia, nikasema sawa. Kosa langu lote la mwaka ule ni hilo neno moja.

Alinipa chachi na plasta nijifunikie ili siku buu akitoka adakwe humo humo, akanionya mambo mawili tu: nisikamue, na nisipake mafuta ya aina yoyote pale, kwa sababu buu yule anapumulia nyuma, kupitia lile tundu, ukiliziba anakosa hewa anatoka mbio. Nikaelewa. Nikaanza kulea. Fausta sikumwambia, kwani ningeanzaje? Habari za kazi mpenzi, mimi huku nafuga? Nikasema nitamwambia yakiisha, tutacheka wote.

Kumbe huku wazee wanapanga. Baba mdogo Margwe, ambaye ndiye mshenga wangu, akanipigia kwamba upande wa Fausta wako tayari, tuende Jumamosi, na nisithubutu kusogeza siku, kwa kuwa baba yake, Mzee Tarmo, ukimsogezea siku anahesabu umesita. Huyu Mzee Tarmo alishamkataa kijana mmoja kabla yangu, tena mwenye duka na pikipiki, kosa lake ni kuangalia simu wakati anaongeleshwa. Na mimi nilikuwa namtaka Fausta, jamani, namtaka mpaka nasahau kula, nikijua kabisa kwamba mzee akisema hapana ni hapana, Fausta hatamvuka baba yake. Nikajiambia buu atavumilia, Jumamosi ni siku moja tu.

Safari yenyewe ilikuwa adhabu. Katesh mpaka Dareda nimekalia kalio moja, na kuanzia Dareda gari linapopanda mlima hakuna kukalia lolote, nilisimama na viti vipo, konda akaniuliza kama nimegombana na kiti. Nikafika nyumbani kwetu nimechoka, naamka asubuhi Mbulu baridi ya kukata, ngozi imekakamaa, na mama yangu (nampenda sana lakini siku ile aliniponza) akanirushia kopo la mafuta ya mgando: "Jipake vizuri, usiende kwa watu na miguu ya majivu." Basi nikajipaka. Mnajua kwetu kule mtoto anafundishwa kupaka mafuta kabla hajafundishwa kuhesabu, mkono unakwenda wenyewe, mimi akili yangu iko kwa Mzee Tarmo, mkono uko mgongoni, uko kiunoni, umeshuka, umezunguka. Nilishtuka plasta ilipoteleza ikabaki kwenye vidole. Nikafuta futa na shati la jana, nikaibandika tena, ikashika kidogo, nikavaa suruali ya kitambaa nikatoka.

Kwa wale msiojua, kijana anayeposa kwetu hana kazi. Mshenga ndiye anaongea, wazee ndio wanajibu, mchumba wako yuko jikoni na wanawake wenzake humwoni, na wewe unapewa kigoda karibu na mlango, unatazama chini, unatulia. Kazi pekee niliyopewa siku ile ilikuwa kutulia. Tukaingia, shikamoo kwa huyu, shikamoo kwa yule, nikakaa, na nilipokaa tu yule buu akageuka.

Sijui nieleze vipi. Si maumivu ya kulia, ni kama mtu anakuchokonoa na ncha ya kalamu kutokea ndani, anachokonoa, ananyamaza, ukishukuru Mungu anaanza tena. Nikahamia kalio la kushoto. Nikarudi katikati. Nikanyoosha mguu, nikaukunja, nikajifanya nafunga kamba ya kiatu (viatu vyenyewe havina kamba). Nikaomba kutoka kidogo, nikaenda chooni, nikapapasa, plasta imejikunja pembeni kama jani kavu, nikairudishia, nikalegeza mkanda wa suruali matundu kadhaa ili nguo isibane, nikarudi. Sijamaliza kukaa, nikaomba kutoka tena. Bibi yake Fausta, mama yake Mzee Tarmo, kikongwe mdogo aliyejifunika shuka pembeni ya ukuta, akasema kwa sauti bila kuficha: "Huyu wa kwenu anakaa kama anayetaka kukimbia."

Mzee Tarmo akamnyamazisha mshenga wangu kwa mkono. Akanitazama mimi.

"Kijana. Unaumwa?"

"Siumwi, baba."

"Una neno linakusumbua?"

"Sina, baba. Niko vizuri kabisa."

Nilisema hivyo jasho linanitoka puani, na Mbulu ile ya baridi. Mzee akatikisa kichwa, akaruhusu mazungumzo yaendelee, na yakaendelea vizuri, baba mdogo anajua kuongea, mpaka pombe ya mtama ikaletwa na Mzee Tarmo akashika kibuyu akasimama. Nikajua tumepona. Kwetu Wairaqw mzee akishasimama na kibuyu anaanza slufay, zile baraka ndefu, anataja mstari na waliokaa wote wanaitikia, na Mzee Tarmo ingawa ni katekista mstaafu anayejua sala zote, slufay hajaiacha na wanasema hakuna anayemfikia. Ikishaanza hakuna kukohoa, hakuna kuinuka. Ikikatika imekatika.

Akaanza. Akaomba mvua ya taratibu isiyobomoa, tukaitikia. Akaomba ng'ombe wazae na maziwa yajae, tukaitikia. Mimi sauti yangu ilikuwa inapanda juu kuliko ya wenzangu, kwa sababu mafuta sasa yalikuwa yameshafanya kazi yake, buu amekosa hewa, na alikuwa anatoka. Nilimsikia. Nilisikia anajisukuma, anajisukuma, halafu ghafla raha, raha ya ajabu, ambayo haikudumu maana plasta haikudaka chochote, na kitu cha baridi, chenye miiba midogo, kikaanza kuteremka pajani. Mzee alikuwa amefika penye watoto, anaomba nyumba ya hawa vijana isikose kilio cha mtoto, na mimi natikisa mguu polepole, natikisa, mpaka nikamwona anadondoka kwenye sakafu, pale pale karibu na kiatu changu, mnene, mzuri, mzima.

Nikainama nimfunike na kofia yangu. Kuku mwekundu akaingia mlangoni, akamtazama kwa jicho moja, akammeza.

"SHIKA KUKU!"

Hiyo ni sauti yangu. Sikuamua kuitoa. Kibuyu kilisimama hewani, Mzee Tarmo mdomo wazi, na mimi nimeshatoka nje kama nimefunguliwa, kuku mbele, mimi nyuma, tunazunguka banda, tunapita katikati ya akina mama waliokuwa wanapakua wali, kuku akajiunga na wenzake wekundu watupu, na mimi nikajirusha katikati yao. Mkanda niliulegeza, mnakumbuka. Nilipoinuka nimeshika kuku mmoja kwapani, suruali ilikuwa magotini, na shati nililochomekea kwa unadhifu wote lilikuwa fupi. Damu imechuruzika mguuni. Mama mmoja akajifunika kanga usoni. Mwingine akapiga ishara ya msalaba.

"Ana kifafa," mtu alisema.

"Hana kifafa," baba mdogo Margwe alisema, kwa sauti ya mtu anayetamani ingekuwa kifafa.

Wazee wakatoka wote wakasimama mlangoni. Nikapandisha suruali kwa mkono mmoja, kuku nimemng'ang'ania na mwingine, na Mzee Tarmo akauliza taratibu sana kuku wake amenikosea nini. Ikabidi niseme. Nikasema kuku amemeza buu. Wakauliza buu gani. Na hapo, jamani, badala ya kuomba msamaha kwa maneno mafupi, ile hofu ikanigeuza nikawa Dokta, nikaanza kuwatajia maumbile: ana ukubwa wa harage, ni mweupe wa maziwa yaliyoganda, mbele amechongoka nyuma ameviringana, kichwa hana, ana kulabu mbili nyeusi mdomoni, mwilini amezungukwa na mikanda ya miiba, yote myeusi isipokuwa mkanda wa mwisho ambao Dokta anadhani ni mwekundu, na kama ni mwekundu kweli basi ndio unaomtofautisha na mabuu wote wanaofahamika, na nyuma ana matundu mawili ya kupumulia yaliyopinda kama mwezi mchanga.

"Anapumulia nyuma?" Bibi aliuliza. Alikuwa amesogea mbele ya wote.

"Ndiyo, bibi. Mdomo anaelekeza ndani, nyuma anaweka mlangoni."

"Kwa hiyo kalio lake kwenye kalio lako."

"Ndiyo, bibi."

Bibi akacheka mpaka akashikwa asianguke. Mama mkwe hakucheka, kwa sababu nilikuwa nimeshaomba kuku achinjwe, na kuku alikuwa anataga. Akachinjwa. Tukapasua mfuko wa shingoni: mahindi, mchanga, na kifungo. Nilikuwa nimekamata kuku siye. Mama mkwe akamleta wa pili mwenyewe, amemshika miguu, bila kunitazama, na safari hii yumo, lakini kisu kilishapita, buu alikuwa vipande viwili.

Nikampigia Dokta nikaweka simu sauti ya wazi ili mikono ifanye kazi, na kabla sijasema chochote ikasikika uani kote: "Boay! Kalio letu linaendeleaje?"

Letu. Mbele ya Mzee Tarmo. Nikamweleza haraka haraka, naye akauliza nusu ya nyuma iko salama, nikasema iko, akauliza mkanda wa mwisho ni mwekundu, nikafuta vizuri na kidole, mwekundu, mwekundu kama pilipili, na Dokta kule alipo akalia kwa furaha, akasema itoshe hiyo nusu, nimweke kwenye spiriti. Spiriti hakuna. Pombe kali je? Wote wakamtazama katekista. Bibi akaingia ndani akatoka na kichupa cha gongo alichokiondoa chini ya kitanda, akanikabidhi bila kumwangalia mwanawe, nikamzamisha buu humo.

Nikadhani mambo yamekaa sawa. Watu walikuwa wameanza kutabasamu. Mzee Tarmo hakutabasamu. Akasema slufay imekatika na haiungwi kama kamba, turudi kwetu. Baba mdogo akaanza kunitetea kwamba ni kazi ya kitaalamu, mzee akamkatisha.

"Funza si kitu. Sisi wote tumekulia zizini. Lakini nilimuuliza mbele ya watu kama anaumwa, akasema haumwi. Nikimpa mtoto wangu, siku akiumwa kweli mtoto atajua kwa nani?"

"Kwa kuku," Bibi alisema.

Fausta alitusindikiza mpaka njia panda, ndivyo adabu inavyotaka, na baba mdogo alipomtazama uso akaona bora atangulie. Mimi nikaanza kucheka cheka, nikasema basi tena, yamekwisha, si unaona yanachekesha. Akasimama.

"Daktari wako anajua. Mshenga anajua. Bibi yangu asiyeona vizuri anajua. Mimi kila siku nachoma sindano makalio ya watu nisiowajua hata majina, ya kwako ndiyo unanificha."

"Niliona aibu, Fausta."

"Kwangu?" Macho yalikuwa yamejaa machozi na hakuyafuta. "Geuka nione kidonda."

"Hapa njiani? Watu wataona."

"Watu wameshaona, Boay. Wote wameona, isipokuwa mimi niliyekuwa jikoni nakupikia."

Nikashika mkanda. Nikaangalia juu ya njia, kuna mtu anakuja na punda, nikaachia mkanda. Nikamwambia nitakwenda hospitali ya Katesh, asijali. Akasema haya, akageuka, akarudi kwao, na toka hapo simu zangu hakupokea.

Dokta alifurahi sana na nusu yake, akaniandikia shukrani ndefu, mimi sikuwa na hamu ya kuzisoma. Nilikuwa natembea usiku na mchana, siwezi kukaa wala kulala, na sasa hakuna buu wa kusingizia. Kidonda nacho kikaanza kutunga usaha, pale Katesh sikwenda, kila siku nasema kesho. Asubuhi moja nikapanda gari, nikasimama Dareda mpaka Mbulu kama kawaida, nikaenda zahanati anayofanya kazi nikapanga foleni na akina mama wenye watoto na wazee wenye vikohozi. Nilipoitwa nikaingia. Alikuwa peke yake, anaandika, hakuinua kichwa, akauliza tatizo ni nini.

Nikafungua mkanda bila kuambiwa, nikalala kifudifudi kwenye kile kitanda kirefu, nikasema kila kitu: lini kilianza, nilivyosema sawa kwa Dokta, mafuta ya mama, uongo niliomwambia baba yake, yule mtu wa punda, na kwamba naogopa, sikijui kidonda kikoje kwa sababu siwezi kukiona mwenyewe. Nimeapa siku ile, na naapa mbele yenu, nikichomwa hata na mwiba huyu ndiye wa kwanza kujua, awe amekasirika au hajakasirika. Fausta akainuka. Nikasikia anavaa glovu, anafungua chupa, halafu vidole vyake vikaanza kukamua, bila huruma hata kidogo.

"Inauma," nikasema.

"Najua," akasema, na akaendelea. Baadaye, anabandika plasta, akaniambia baba yake huwa nyumbani Jumapili baada ya misa, niwaambie wazee wangu wasichelewe.